Mali bila daftari: mazungumzo juu ya vitabu, kumbukumbu na ujirani

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya familia zilizohama, familia zilizozipokea na wakubwa wa mitaa ya Wamaza. Tunayatoa hapa ili yasomwe pia katika mabaraza mengine ya Kasongo na Kabambare.

  

Sisi tunaosema nanyi ni wenyeji na deplase pamoja. Tumeombwa kusema juu ya vitabu. Tunajua kwamba kwa kusikia neno hilo wengine wameanza kutazama jua limefika wapi. Tunawaelewa. Mtu anayekimbia usiku huchukua mtoto, sufuria, jembe na kuku kama anashikika. Kitabu hakimo katika hesabu. Na kile kitabu kilichobahatika kufika hapa, mara nyingi karatasi zake zimekwisha kwa kufunga karanga na kusokota tumbaku.

Lakini kuna kitabu kimoja ambacho watu wote hapa hukisoma, hata asiyejua a wala be. Ni orodha ya majina. Siku orodha ya msaada inapobandikwa ukutani, mzee aliyekuwa akilalamika macho tangu mwaka jana anaona kutoka ng'ambo ya barabara kwamba jirani yake ameandikwa mara mbili. Tena ataliona jina la jirani kabla ya kulitafuta la kwake. Hapo binadamu ameshajifungua mwenyewe kama kitabu, na sisi hatuna haja ya kumfungua.

Kwa hiyo hatutasema juu ya vitabu vya mbali. Tutasema juu ya vitabu vilivyoandikwa kuhusu nchi yetu hii, na juu ya mambo ambayo vitabu hivyo vinatufundisha kuhusu kuku, deni, shamba na jirani.

KUKU WA NYANGWE

Nyangwe mnaijua, kando ya Lualaba, upande wa kaskazini ya mji wa Kasongo. Mwaka 1871 daktari na mmisionari David Livingstone, mtu wa Scotland, alikaa pale miezi kadhaa akitafuta mtumbwi wa kuvukia. Mtumbwi hakupata. Karatasi ikamwishia, wino ukamwishia. Basi akachukua magazeti ya zamani kutoka Uingereza, akayageuza upande, akaandika juu ya maandishi ya gazeti kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa hapa. Tunawaeleza haya ninyi mnaosema kwamba hamwezi kuandika kwa sababu hamna kaye mpya.

Alipenda sana soko la Nyangwe. Aliandika jinsi akina mama walivyofika na samaki, kuku na mihogo, wakibishana bei, wakicheka. Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa na watu kama 1,500, wengi wao wanawake. Watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliingia sokoni na bunduki. Livingstone anasema aliona mmoja akibishana juu ya kuku. Muda mfupi baadaye bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi, na wengi wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Tusiseme watu wale walikufa kwa sababu ya kuku. Kuku alikuwa amefungwa miguu, hana kosa lolote. Wakubwa wa biashara walikuwa wakishindana nani ataogopwa zaidi katika nchi ile, na bunduki zilikuwa zimeingia sokoni kabla neno la bei halijatamkwa.

Hapa nasi tuna kuku wetu. Ni mbuzi aliyeingia katika mpunga. Ni ndoo iliyopita mbele kisimani. Ni mtoto wa deplase aliyempiga mtoto wa mwenyeji, au mtoto wa mwenyeji aliyemwita mwenzake mkimbizi. Siku za amani ni maneno ya kucheka jioni. Lakini siku ambapo hofu imekwisha kuingia kijijini, hakuna neno dogo. Kiongozi mwenye akili hangoji mpaka kuku apige kelele. Anauliza mapema nani ameingia sokoni na bunduki, na nani ana neno moyoni ambalo bado hajalisema.

MANENO YALIYOPIGWA PASI

Habari ya karatasi zile za Livingstone haikuishia Nyangwe. Yeye alikufa mwaka 1873, na kitabu cha safari yake ya mwisho kilitolewa London mwaka 1874, kikiwa kimetengenezwa na rafiki yake. Maandishi ya juu ya magazeti yalififia, kwa miaka mingi yakawa hayasomeki vizuri. Mwaka 2011 wataalamu walizitoa kurasa zile baada ya kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Walipozilinganisha na kitabu, wakakuta maneno si yale yale kabisa. Yaliyoandikwa siku zile zile yalikuwa makali na yenye mashaka. Yaliyonakiliwa baadaye yalikuwa yamepigwa pasi, hasa pale yanapogusa mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Livingstone hakupendelea wauaji. Habari ile ilimwumiza sana, na ilipofika Uingereza iliwaamsha watu wengi kupinga biashara ya watumwa. Hata hivyo mkono wa mtu mwema nao hupiga pasi. Kama ni hivyo kwa aliyeandika papo hapo, je, sisi tusioandika kabisa? Kichwa cha mtu ni daftari la penseli, na mwenye daftari ndiye mwenye kifutio. Deni ninalokudai limeandikwa kwa wino. Deni unalonidai, tafadhali nikumbushe, lilikuwa la mwaka gani?

Wazee walisema kwamba mtenda husahau, lakini mtendewa hasahau. Sisi tunaongeza kwamba kila mtu kijijini hujihesabu kuwa mtendewa. Ndiyo maana ugomvi wetu una watendewa wengi, na mtenda hatumwoni hata mmoja.

MAPATANO YALE YALE, VITABU VIWILI

Mwaka 1876 alifika Maniema mtu mwingine, Henry Morton Stanley. Alikutana na Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana kama Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa mwenye makao Kasongo. Stanley aliomba asindikizwe kushuka Lualaba katika msitu. Wakapatana malipo.

Baadaye kila mmoja aliandika. Kitabu cha Stanley kilitoka mwaka 1878. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili akiwa mzee, na maandishi yake yalitolewa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa Stanley, malipo yalikuwa dola 5,000, na mwenzake hakuumaliza mwendo waliopatana. Kwa Tippu Tip, hesabu iliyotajwa ilikuwa kubwa zaidi, na alichopata kilikuwa kidogo. Analalamika kwamba aliahidiwa makubwa, na baada ya kungoja akaletewa picha ya Stanley mwenyewe. Fikirini, ndugu: unamdai mtu mbuzi, anakutumia picha yake akiwa amevaa vizuri.

Msafara ulikuwa mmoja, na mto ulikuwa mmoja. Lakini ukisoma kitabu cha kwanza, mwaminifu ni Stanley. Ukisoma cha pili, mwaminifu ni Tippu Tip. Hatujaona kitabu ambacho mwandishi anasema: mdanganyifu katika habari hii nilikuwa mimi.

Na kuna wa tatu, ambaye hakuandika. Ni wale waliobeba mizigo mabegani, waliofungwa kamba, waliochukuliwa vijiji vyao vikiwaka. Wao hawana kitabu, na wengi hata jina lao halimo katika vitabu vya wale wawili. Hatusemi haya ili kuwanyoshea vidole wajukuu. Hapa kwetu damu zimechanganyika. Katika nyumba moja unaweza kukuta bibi aliyetoka upande wa bunduki na bibi aliyetoka upande wa kamba, na wote wawili wameacha wajukuu wanaokula sombe katika sahani moja. Tena Kiswahili hiki tunachopatana nacho leo kilifika huku na misafara ile ile. Tunasema haya kwa sababu moja tu: asiyeandika habari yake ataandikiwa na mwenzake, na mwenzake atajipa sehemu nzuri.

MJOMBA ALIYEPATIKANA HARAKA

Katika kitabu hicho hicho Tippu Tip anasimulia jinsi alivyopata utawala wa Utetera. Alisikia habari za chifu mzee, Kasongo Rushie, ambaye ndugu zake wa kike walitekwa zamani sana. Tippu Tip akasema kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee akafurahi kupata mjukuu, akampokea, mwishowe akamwachia utawala. Msomaji anaona wazi jinsi ujamaa ule ulivyoshonwa haraka, kama nguo ya sikukuu.

Sisi nasi tunaushona ujamaa, lakini wetu ni wa kuokoa maisha. Tangu mapigano ya upande wa Salamabila na mgodi wa Namoya kuanzia mwaka 2017, na mengine yaliyofuata, familia nyingi za kusini ya Maniema zimelala katika nyumba zisizo zao. Mgeni akifika, swali la kwanza ni: mama yako ni wa wapi? Tunatafuta, tunatafuta, mpaka tunafika kwa babu aliyewahi kununua chumvi kwa babu yako. Basi, sisi ndugu, ingia ndani. Huo si uongo. Ni njia ya wazee ya kufungua mlango bila kumtia mgeni aibu.

Shida ni kwamba udugu hauna tarehe wala mipaka. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya mia tatu tufanye nini, wala jembe hilo lichimbe mpaka wapi. Tuseme mwenyeji amempa mgeni kipande cha shamba. Mwaka wa kwanza wote wanashukuru Mungu. Mwaka wa pili mvua imekuwa nzuri, mpunga umezaa, na mwenyeji anaanza kuona kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani. Mwaka wa tatu mgeni anapanda miche ya michikichi. Ee! Hapo hakuna usingizi tena. Mpunga ni wa miezi michache, mihogo ni ya mwaka au zaidi kidogo, lakini mchikichi ni wa watoto na wajukuu. Kwa desturi zetu, mtu anayepanda mti ni kama anasema: niko hapa. Mmoja anasema, ulinipa. Mwingine anasema, nilikuazima. Wote wawili wanaapa, na huenda wote wawili wanasema ukweli jinsi vichwa vyao vilivyoutunza. Ni Stanley na Tippu Tip tena, ila hawa wanachota maji kisima kimoja.

KAYE YA UJIRANI

Wazee wa Kiswahili wana neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na ujirani nao hupotea hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunaomba kila mtaa uwe na kaye moja na biki moja. Si mzigo mkubwa. Mtu anapompa mwenzake shamba, nyumba au mbuzi wa kufuga, mambo haya yaandikwe siku ile ile, watu wakiwa bado wanacheka:

Majina ya pande mbili, na tarehe. Mipaka, kwa kutaja miti, njia na mito ambayo kila mtu anaijua. Muda wake ni misimu mingapi. Kitu gani kinaruhusiwa kupandwa, na kama miti inaruhusiwa au hapana. Mavuno yanagawanywa namna gani. Na siku mgeni anaporudi kwao, mihogo iliyobaki ardhini ni ya nani.

Mashahidi watoke pande zote mbili, na kila upande uwe na mama angalau mmoja. Tunasema hivi si kwa kupendeza watu. Mwenye kujua mpaka wa shamba ni yule anayelima, na kwetu mara nyingi anayelima ni mama. Baba anajua mpaka wa kiti cha barazani.

Kisha maandishi yasomwe kwa sauti, mara mbili, katika lugha ambayo wote wanaielewa. Karatasi ni mwerevu kuliko mtu. Asiyejua kusoma anaweza kutia kidole gumba juu ya neno la kuazima, kumbe limeandikwa neno la kuuza. Dawa ya jambo hilo ni masikio ya watu wengi. Zifanywe nakala tatu: moja kwa mwenyeji, moja kwa mgeni, na ya tatu kwa mtu asiyehusika, kama vile shefu, imamu, mchungaji au mwalimu. Kila nakala ifungwe katika mfuko wa plastiki, maana mvua na mchwa hawajui kusoma lakini wanapenda vitabu.

Kaye hiyo si hati ya ardhi. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mambo ya desturi yana wakubwa wake. Kaye haimpokonyi shefu kazi yake. Inampa kitu cha kushika mkononi wakati watu wawili wanapaza sauti.

Nanyi mlioacha nyumba mbali, andikeni mlichoacha. Andikeni mahali pa shamba, majirani wa kila upande, miti mliyopanda na mwaka wa kuipanda. Andikeni tarehe za kuzaliwa watoto wenu na darasa walilofika. Mkataba wa Kampala, ambao nchi za Afrika ziliupitisha mwaka 2009 kwa ajili ya wakimbizi wa ndani, unazitaka serikali ziwasaidie watu waliohama kupata hati zao zilizopotea. Lakini afisa atauliza maswali, na kichwa kilicholala porini siku kumi hakijibu vizuri.

YASIYOANDIKWA KATIKA KAYE HIYO

Hapa tuseme polepole. Kuna mambo ambayo hayafai kuandikwa katika kaye ya mtaa. Msiandike nani anashukiwa kuwa wa kundi gani. Msiandike uvumi wa nani aliwaonyesha washambuliaji njia. Jina lililoandikwa bila ushahidi linaweza kumwua mwenye jina, na siku nyingine, kaye ikianguka mikononi mwa watu wengine, linaweza kumwua mwandishi. Kaye ya ujirani ni ya mapatano. Si ya mashitaka.

Je, tunasema basi habari za damu zisahauliwe? Hapana. Akina mama wa Nyangwe tunajua walikufa kwa sababu mtu mmoja aliandika juu ya gazeti kuukuu. Wafu wetu nao wanastahili kuandikwa. Lakini kazi hiyo ina mahali pake na watu wake, wanaojua kulinda majina ya wanaosimulia. Na nyumbani kwako hakuna anayekukataza kuandika jina la mtoto wako aliyebaki njiani, siku yake, na wimbo alioupenda. Hiyo si siasa. Ni haki ya mzazi.

Ndugu zetu, hatudai kwamba kaye itaondoa bunduki. Biki haijawahi kumshinda mtu mwenye risasi. Lakini vita vikubwa hupenda kuingia kupitia milango midogo, na mlango mdogo wa kwanza ni jirani wawili ambao kila mmoja ana hesabu yake. Huo tunaweza kuufunga sisi wenyewe, kwa kaye ya franka chache, bila kungoja mtu kutoka Kinshasa.

Tukimaliza, tunawaomba jambo dogo. Kama mna kitabu, kisomeni kwanza, ndipo mfunge karanga. Na kama mmeazima kitabu cha mtu, kirudisheni. Tumeanza kuandika majina.



Maswali ya kuzungumza barazani

1. Hapa mtaani kwetu, kuku wetu ni nani? Ni jambo gani dogo ambalo linarudi kila mwezi?

2. Familia zilizopewa mashamba zinaruhusiwa kupanda nini? Je, pande zote mbili zingejibu namna moja kama tungewauliza kila upande peke yake?

3. Nani atashika nakala ya tatu, na kwa nini tunamwamini? Tukihama ghafula, nakala hiyo itakwenda wapi?

4. Akina mama watano, wenyeji na waliohama, watusimulie mapatano moja moja waliyoyafanya kwa maneno tu. Yapi yanafaa kuandikwa wiki hii?